Spana na Mpira

Pampu ya Igombe ina mwezi wa saba haijatema tone.
Spana iko kwa Bugumba, uvunguni,
maana ilinunuliwa na upande wao.
Mpira uko kwa Nyanjige, kwenye kopo la majani ya chai,
maana uliletwa na upande ule.
Mlango hadi mlango ni hatua arobaini.
Nimezihesabu na ndoo kichwani.
Kuku wao huvuka kila siku, hawaombi ruhusa.

Msiniulize mimi ni wa nani.
Mwaka ule nilichovya kidole, wino ukaning'ang'ania;
nikaanika dagaa nacho, nikamzika shemeji nacho,
na msibani tukala mafungu mawili,
sufuria ya hawa, sufuria ya wale,
marehemu katikati hana kadi.

Kikao kiliitishwa.
Kikavunjika kwenye sala, wakigombea nani afungue.

Ziwa lile pale, nyuma ya mawe, limejaa pomoni,
na mwanangu anaharisha.

Mmeleta fulana: moja asubuhi, nyingine alasiri.
Ahsanteni. Nimezipasua, nimeziunga kwa sindano,
mtoto amepata shuka.

Kura yangu ninayo.
Anayeitaka aje na mwenzake,
huyu na spana, yule na mpira,
wainame pale penye saruji,
vichwa vigongane, watukanane hata,
mradi mikono ishike chuma kimoja.
Mimi nitakinga ndoo.
Yakitoka mekundu mwanzoni sitasema kitu:
maji yaliyokaa bombani hutoka na kutu.