Maji ya Betri

Alfajiri ya Julai, Matamba.
Majani ya viazi yamelala kama yaliyomwagiwa chumvi,
na ndoo ya kunyweshea ng'ombe imeota kioo
kinene, cha kuvunja kwa kisigino.

Lakini chupa ya maji ya betri
niliyoisahau usiku juu ya ukuta wa gereji
ilikuwa maji bado.
Maji kabisa, yanacheza, yanaukonyeza mwanga.

Nikamwita Ahimidiwe, binti wa dada yangu,
wa kidato cha tatu, anayekopa kipimajoto cha shule
bila kumwambia mtu kwamba amekopa.
Akakifunga ubavuni mwa chupa kwa mpira wa baiskeli.
Tukangoja.
"Hasi tano," akanong'ona. "Mjomba, usiiguse."

Akanieleza, mvuke ukimtoka kinywani:
baridi peke yake haigandishi.
Sharti awepo wa kwanza,
chembe ya vumbi, mkwaruzo, punje ya barafu,
wengine wapate pa kushika, wajipange.
Ndoo ina tope, ina mate ya ng'ombe, ina nyasi;
waanzilishi wamejaa tele.
Haya yamesafishwa hadi yakakosa wa kuanza.
Yamevuka sifuri usiku
na hakuna aliyeyaambia.

Nikakumbuka vikao vyetu vya mradi wa bomba:
miaka miwili tunatazamana,
kila mtu mchango wake uko mfukoni,
mkono haunyooshwi.

"Sasa gonga."
Nikagonga kwa spana namba kumi,
kidogo tu, kama unavyobisha kwa mgonjwa.

Sindano nyeupe ikachomoza chini ya kifuniko,
ikazaa, nazo zikazaa,
wingu likashuka chupa nzima
kabla sijaishusha spana.
Hata mlio haukuwepo.
Si jiwe: uji wa barafu, mzito, umesimama.

Nilidhani zebaki itazidi kushuka.
Ikapanda.
Hasi tatu. Hasi moja. Sifuri, ikatulia.
"Yakiganda yanatoa joto," akasema,
"lile yaliloficha."
Nikaweka kiganja. Baridi ileile;
mkono wangu haukufika kidato cha tatu.

Saa tatu Tweve akaja na betri yake ya sola,
akauliza maji.
Nikamwonyesha chupa, imeegemea jua ukutani.
Kwenda yalikwenda kwa pigo moja, nikamwambia,
kurudi yanataka asubuhi nzima.
Akaitazama, akanitazama,
akakaa juu ya tairi, akafunga koti.