Waya wa Kijivu

Gari nililinunua sanaya ya Wadi Kabir,
riyali elfu moja na mia mbili, halina hata kitabu,
kwa mtu aliyelinunua kwa mtu
aliyelinunua kwa Mjerumani aliyeondoka na funguo za kabati.
"Kila kitu kinafanya kazi, dada," aliapa,
akapiga honi iwe ushahidi.

Honi inafanya kazi.

Ibra, mwezi wa sita. Mchana bisibisi haishikiki,
kwa hiyo nangoja isha ipite
ndipo nijilaze chini ya kitanda cha mbao,
tochi kichwani, miguu nje ya mlango,
mita kifuani kama mtoto aliyekataa kulala.
Mama anachungulia kutoka jikoni:
"Ghaniya, hiyo nyumba au gari?"
"Vyote, mama."
"Basi hakuna hata kimoja."

Nyaya sitini na moja.
Nimezihesabu tena, zikawa sitini na tatu.
Aliyezifunga hakuwa mvivu, hilo nampa;
mafundo yake yamekaza, amepitisha kila kitu kwenye bomba.
Ila rangi hakuziheshimu kabisa:
mwekundu unaingia nyuma ya jiko
unatokea upande wa pili umekuwa kijani,
mweusi ndio wenye moto,
na wa buluu umekwenda mpaka kwenye sinki,
ukakatwa, ukazungushiwa tepu kwa upole
kama kidonda cha mtu wa kwao.

Kopo la halwa limejaa fyuzi zilizoungua.
Moja haikuwa fyuzi, ilikuwa karatasi ya sigara
iliyokunjwa ikapachikwa.
Hapo nilikaa kitako nikamtukana kwa Kiswahili,
maana matusi yangu ya Kiarabu hayana nguvu.

Mimi sitaki taa za mapambo.
Nataka friji, ile ndogo chini ya kiti,
ishike baridi kutoka hapa hadi Salalah,
siku mbili za jangwa na sindano za sukari za mama
zikiwa zimepangwa mlangoni, pale watu wanapoweka mayai.

Usiku wa nne nikabaki na waya wa kijivu.
Mnene kuliko wenzake, unashuka kutoka darini
ndani ya ukuta, unakufa nyuma ya betri.
Nikaupima: sifuri.
Nikawasha kila swichi, nikazima kila swichi: sifuri.
Nikamwita Thuwaini mwanangu anyanyue simu atumulikie,
sifuri yetu sote wawili.
Koleo lilikuwa mkononi. Nafasi ile naihitaji.
Ila mgongo ulikataa,
nikalala palepale sakafuni, koleo kwenye zulia,
mita nimeisahau imeuma ncha zake mbili.

Alfajiri niliamshwa na joto la shavu moja.
Kwenye kioo cha mita, tatu.
Nikafikiri betri yake inakwisha, inaropoka.
Saba.
Sikuugusa waya. Sikupumua vizuri.
Mstari wa mwanga ulikuwa unateremka kilimani
kuja kwenye ukuta wa jirani, ukuta wetu, bati la gari.
Kumi na moja. Kumi na sita na nukta.

Nikapanda ngazi na ndoo na kitambaa cha deki.
Chini ya chano la mizigo, chini ya vumbi la miaka
nililodhani ni rangi,
sahani ya sola, pana kama meza ya watu wawili.
Siku nne nilikuwa naiuliza usiku.

Nikakata vipande vya tepu nyeupe, nikachukua kalamu nene.
Kwenye ule wa buluu, wa sinki, nikaandika SIJUI.
Kwenye wa kijivu nikaandika JUA.

Mama alikuja na chai, miwani puani,
akasoma vibandiko kimoja kimoja
kama anakagua daftari la shule.
"JUA," akasema. "Nijue nini?"
Kisha akafungua friji, akatia mkono ndani,
akauacha humo muda mrefu.
"Bado," akasema.