Kipimo cha Sahani

Kitabu cha maktaba kilisema sentimita kumi na tatu.
Upana wa sahani ya kikombe, basi.
Kalunguyeye hadai zaidi ya hapo
avuke bustani hadi bustani, usiku kucha,
akifuata konokono.

Nikachukua sahani ya mama, ile yenye ufa,
nikachora duara kwa penseli,
chini kabisa, nyasi zinapolamba ubao.
Kisha nikakalia ndoo, penseli sikioni,
nikakumbuka: ua si wangu.

Ua langu ni lile pale, la alizeti,
limeinama, limekauka, sijalikata makusudi:
shomoro wanalichomoa mbegu moja moja
na kunitemea maganda mezani.
Lakini ua wenyewe, wa mbao, wa mpaka,
unaopakwa rangi ya kijivu kila Mei,
ni wa Preben.

Mimi na Preben, miaka saba hatujaamkiana.
Tawi la mtofaa wangu lilivuka kwake;
alilikata Juni, akanirudishia kwa toroli
na matofaa yake, mabichi, kila moja kama jicho la mbuzi,
akayamwaga langoni.
Svendborg ni mji mdogo sana
ukiwa na mtu usiyetaka kukutana naye dukani.

Tangu hapo nimezungumza na wengine.
Nimezika beseni kuukuu, nikaweka jiwe ndani yake
ili nyuki akitumbukia apate ngazi.
Chura alikuja siku ya kumi na moja. Sikumwita.
Nimeacha majani yaoze chini ya ukuta,
magogo yaliwe na wenye kuyala,
na kifua-kutu, yule ndege mdogo mwenye kiburi,
hunisimamia kwenye mpini wa jembe
kama mnyapara anayedai minyoo yake.
Mwanangu Sidsel akija huuliza, "Mama, umechoka kupalilia?"
Namwambia nimeajiri.

Usiku ule niliandika barua. Nikaichana. Nikaandika nyingine:
"Kuna kalunguyeye. Anahitaji tundu. Nimechora."
Nikaitumbukiza kwenye sanduku lake nikakimbia,
mtu mzima wa miaka sitini na minne,
na viatu vya mpira miguuni.

Siku tatu, kimya. Ya nne, msumeno.

Si duara. Mraba, mpana kuliko sahani,
kingo zimesuguliwa msasa hata unyoya usinase.
Na upande wake, nilipoinama kuchungulia,
bakuli la maziwa.

Basi neno la kwanza nililomwambia Preben
baada ya miaka saba, nimelala kifudifudi
kwenye umande, shavu ardhini, lilikuwa:
"Maziwa yanamharisha."

Kimya. Viatu viwili vya kahawia. Goti moja
likalia kama mlango; kisha la pili.
Mkono, mzee kuliko nilivyoukumbuka,
ukavuta bakuli taratibu bila kumwaga.
"Ale nini basi?"
"Maji. Na chakula cha paka, kikavu.
Kingine anakijua mwenyewe."

Nikampitishia sahani ya mama, imejaa maji,
ikapenya bila kugusa kingo.

Leo ni tarehe ishirini Oktoba.
Amepita konokono mweusi, uchi, asiye na nyumba.
Amepita chura wangu, msaliti, akahamia kule siku mbili.
Kalunguyeye bado. Huenda amekwisha kulala,
huenda barabara imemuua.
Jioni nasikia kiti kikiburutwa upande wa pili,
nami naburuta changu.
"Amepita?"
"Bado."

Mtofaa umetoa tawi jipya, limevuka tena.
Ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano amelala juu yake,
mkia kwangu, kichwa kwa Preben.
Sote wawili tumeliona tawi.
Hakuna aliyesema.