Mstari wa Arobaini na Mbili

Ofisi yangu ilikuwa stoo ya chaki.
Mkuu wa chuo alinipa ufunguo, na kibao
kilichoandikwa kwa rangi iliyotiririka: WANAFUNZI WA NJE.
Nikauliza, nje ya wapi? Akacheka, akaenda zake.
Hapa Arua, Kongo unaiona ukipanda kilima,
na mwanafunzi wa nje hununua nyanya soko moja na mama yangu.

Wa kwanza alikuwa Poni, wa Yei,
cheti chake ndani ya mfuko wa sukari,
ukingo umeliwa na moto, jina la shule limebaki nusu.
"Andika tu," alisema, "hiyo nusu ndiyo niliyosoma."
Sikujua cheti nusu hupelekwa dirisha gani,
kwa ada gani, kwa muhuri wa nani.
Nikamwambia, njoo Jumatatu.
Alikuja Jumatatu. Alikuja Jumatatu tano.

Ndipo nikapata namba nyuma ya bahasha:
Nambozo, Mbale, chuo cha biashara.
Sikumjua. Nilipiga huku nimebana pumzi.
Akasema, "Dada, mimi ninao wanne wa namna hiyo.
Nilidhani ni ujinga wangu peke yangu."
Nikaketi juu ya katoni ya chaki,
nikacheka hadi salio likaisha.

Tulikutana Karuma,
sisi wawili, na Isingoma aliyetoka Hoima
na folda iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Muhogo wa kuchoma, chai ya tangawizi,
mto ukinguruma chini kama mtu asiyekubaliana nasi.
Isingoma alikuwa na fomu tusiyowahi kuiona.
Tukainakili kwa mkono, mstari kwa mstari,
mpaka yale maneno ya mwisho: kwa matumizi ya ofisi tu.
Nambozo akasema, ofisi ndiyo sisi.

Mwaka uliofuata tulikuwa tisa.
Chepkoech akavuka kutoka Eldoret,
Uwineza akaja toka Huye na swali lililotushinda wote.
Tukaanza kuchangishana, na ugomvi nao ukalipa kiingilio:
miezi minne tulibishania jina,
chama, umoja, mtandao,
hata Isingoma akasusa, akaondoka na folda yake.
Penye wengi pana mengi, husema watu.
Hawasemi kwamba kimya nacho ni kimojawapo.
Sikumpigia. Ningempigia, ningesema nini?

Kisha ukaja usiku wa Vurra.
Kijana wa Aru amezuiliwa mpakani,
kibali chake cha masomo kimekwisha jana,
saa sita usiku, mvua, na mtihani saa mbili asubuhi.
Nikamwamsha Nambozo. Nambozo akamwamsha Chepkoech.
Chepkoech, ambaye hakuwa na kinyongo na mtu,
akamwamsha Isingoma.
Nikasikia mpira wa baiskeli ukifunguliwa.
Akanisomea kwa sauti ya usingizi kifungu tulichokihitaji,
nami nikamsomea ofisa, neno kwa neno,
kanga yangu nimeifunika simu.
Alfajiri kijana alikuwa jikoni kwangu akila kiporo.
Hakusema asante. Alikuwa na njaa.
Isingoma ndiye aliyebaki kwenye simu,
akiuliza kama kijana amepata soksi kavu.

Mwaka huu, Gulu, ukumbi wenye feni.
Kuna bango. Kuna mweka hazina anayedai risiti hata ya njugu.
Daftari la mahudhurio lina mistari arobaini;
wa arobaini na moja alijichorea wake kwa rula.
Kisha mwanamke mwenye miwani akainama,
akachora wa chini yake bila rula, ukapinda,
akaandika: Poni Lado, Ofisi ya Wanafunzi wa Nje, Yei.

Nilimtazama. Alinitazama.
"Zile Jumatatu," akasema, "bado nakudai."
Akaonja chai yetu, akakunja uso,
akafungua mkoba, akatoa mfuko wa sukari.
Safari hii ulikuwa na sukari.