Chafya Chini ya Cherehani

Ya kwanza nilidhani ni pedali.
Cherehani yangu kuukuu, ina vikohozi vyake;
nikaitia mafuta, nikaendelea na pindo la sare.
Ya pili nikainama chini ya meza.
Pamba ameketi juu ya vipande vya kitenge,
pua inachezacheza,
na miguu yake ya mbele, ile ya kunawia uso,
manyoya yamegandana kama nyuzi zilizolowa uji.

Sungura hana leso.
Anajifuta kwa mkono, halafu anauficha.

"Mama, nimwambie afya?"
"Mwambie."
Limi akamwambia. Kutwa nzima akamwambia,
mpaka sauti ikamkauka.

Huku Mabatini nyumba zimepandiana juu ya mawe
kama watu wanaochungulia mechi bila tiketi.
Siri ya juu huteremka kabla ya maji ya kuoshea vyombo.
Adhuhuri haijafika, Mama Kwilasa yuko mlangoni:
"Hiyo mboga inapiga chafya, dada.
Itie sufuriani kabla haijakonda."
Limi akamfunika Pamba kwa gauni lake.
Mwingine akaleta vidonge vya rangi mbili,
masalio ya homa ya mwanawe.
Nilivipokea.
Nakiri, nilivipokea, nikatafuta na maji.
Kitu gani kilinizuia sijui; labda udogo wa kile kinywa.

Gauni la bi harusi likabaki na mkono mmoja.
Tukashuka ngazi za mawe, Pamba ndani ya ndoo,
khanga juu, Limi mbele akifukuza mbwa.
Kule ziwani wingu la usubi lilisimama juu ya maji,
jeusi, refu, kama moshi wa moto usiokuwepo.

Daktari Rwechungura ni wa ng'ombe na mbuzi,
na kuku wanaoletwa wameshakata tamaa.
Sungura alimpokea kwa mikono miwili
kama kikombe kilichojaa hadi ukingoni.
Akasikiliza kifua. Akarudia.
"Huyu hapumui kwa mdomo kama sisi.
Pua ikiziba, nyumba haina mlango wa uani."
Anakula? Majani ya viazi, nikasema, kidogo.
"Siku akikataa chakula, usingoje kesho."
Vile vidonge akavitazama, akavitia mfukoni mwake:
"Hivi vingeua tumbo lake kabla ya kuigusa pua."
Akatoa dawa nyingine, ya matone,
siku kumi na nne, hata akichangamka siku ya tano.
Bei yake: mkono ule wa gauni, na kola.

Kisha akauliza alikolala.
Nikamweleza: chini ya cherehani, kwenye vitambaa,
pasi ya mkaa pembeni ili asipate baridi.
Akafumba macho, kana kwamba
anainusa nyumba yangu kutoka pale alipokaa.
"Mkojo, mkaa, vumbi la nyuzi.
Dawa haiwezi kushindana na nyumba, mama."

Hapo nikakohoa.
Kile changu cha siku zote, nisichokihesabu tena.
Akaweka kalamu chini.
"Na wewe? Tangu lini?"
Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Sasa pasi inakaa nje, juu ya jiwe.
Dirisha tulilolipigilia misumari tangu wizi wa mwaka juzi
nimeling'oa mwenyewe, kwa koleo.
Pamba ana sanduku lake, mbali na upepo,
nyasi tunazikung'uta nje kwanza,
matandiko nafua kila asubuhi kabla sijagusa uzi.
Limi anahesabu matone kwa sauti ya mwalimu.
Na kikaratasi changu cha kupanda Bugando, Alhamisi,
nimekibana kwa pini kwenye daftari la vipimo,
kati ya kiuno cha mtu na bega la mtu.

Limi ameanza kusoma mwaka huu. Jana amegundua
kuwa ndani ya chafya mna afya,
ukitoa herufi mbili za mbele.
Mimi fundi, kufumua najua.
Ila mshono huu haukubali wembe.

Daktari alisema inaweza kurudi,
msimu wa vumbi, au bila msimu.
Leo alfajiri nimeisikia, moja tu, ndogo.
Sijui ilikuwa yake au yangu.
Limi, usingizini, akatuitikia sote:
afya.