Hesabu ya Nyonga

Jumatatu, saa kumi na moja jioni,
mama aliteleza akifukuza kuku
wasidonoe mahindi yaliyoanikwa.
Hakupiga yowe. Alisema tu, "Kageha,
mguu huu umekuwa wa mtu mwingine."

Ulikuwa umefupika, umegeukia nje
kama mgeni anayetaka kuaga.

Usiku huo tuliupoteza hapa hapa Chavakali.
Mjomba Kisia alitaka aitwe mkandaji wa mifupa,
Agufana alitaka tungoje gari la kanisa.
Tulimkanda. Mungu atusamehe, tulimkanda.

Jumanne, Kakamega, kitanda cha kumi na tisa.
Daktari kijana, kalamu imemwishia wino,
akaandika hewani kwa kidole: "Leo, au kesho.
Mfupa utasubiri. Mapafu hayasubiri,
wala ngozi ya mgongo, wala akili."

Basi nikaanza kuhesabu.
Saa ya ishirini na nne: damu ya kundi lake haipo.
Saa ya arobaini na mbili: chuma kinauzwa
duka la ng'ambo ya barabara, pesa mkononi;
tukamuuza ndama kwa simu.
Saa ya sitini na sita: moyo upigwe picha kwanza,
na mpiga picha yuko semina.

Kila alfajiri, kibao juu ya kitanda: ASILE.
Kila jioni muuguzi anakigeuza
na uji unaletwa umeshafanya utando.
Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga.
Hawakulala wodi hii;
wangetaja na nyonga.

Alhamisi usiku akaniita Jerida,
dada yake tuliyemzika zamani.
Akaniamuru nianue mahindi.
"Mama, ni mimi, Kageha."
"Jerida, mvua haingoji kikao."

Sikubisha. Niliinuka gizani
nikaanua mahindi yasiyokuwapo,
gunzi kwa gunzi, kutoka kwenye shuka,
mpaka akatulia.

Ijumaa saa tatu kitanda kikasukumwa.
Gurudumu moja lililia njia nzima.

Daktari alitoka akasema imekwenda vizuri.
Nikamuuliza: vizuri ya Ijumaa
ni sawa na vizuri ya Jumanne?
Akavitazama viatu vyake,
vya plastiki, vyeupe, kimoja kimepasuka.

Sasa anafika mlangoni kwa fremu yake,
anawakemea kuku kutoka hapo.
Kuku wanajua. Hawakimbii.
Siku nyingine ananiita Kageha.
Siku nyingine Jerida.
Naitika yote mawili.