Kabla ya Novemba

Nilichana daftari kuukuu, robo robo,
nikawaambia Kidato cha Pili B: msiandike majina.
Andikeni kinachowazuia kunielewa,
sasa, muhula uko nusu,
si Novemba, mtihani ukishatupita sote.
Walicheka. Walidhani ni mtego.
Aikande akauliza, "Hata kuhusu wewe, mwalimu?"
Hasa kuhusu mimi, nikajibu,
koo likikauka kama nimelamba chaki.

Kopo la maziwa ya unga likazunguka dawati kwa dawati.

Usiku, Pasua, umeme umekatika,
nikazimwaga mezani kando ya sahani ya kiburu.
*Unasimama mbele ya unachoandika. Ukisogea, umeshafuta.*
*Mvua ikipiga bati tunaona midomo tu.*
*Unauliza "tumeelewana?" halafu unaitikia mwenyewe.*
*Ticha uko poa.*
(Hii haikunisaidia. Niliisoma mara mbili.)
*Mkondo wa umeme siuoni. Mfereji nauona kila siku.*
Ile "g" yenye mkia mrefu naijua ni ya nani;
nikaifunika kwa kiganja. Nilishaahidi.

Na moja tupu.
Nikaiinua kwenye mshumaa
kama mchuuzi wa Kiboriloni anayeshuku noti.

Nilikasirika, sifichi.
Miaka kumi na mmoja nashika chaki,
leo mtoto wa juzi aniambie nisogee!
Nikalala na hasira, nikaamka nayo,
nikainywea chai.

Asubuhi nikasogea.
Hatua moja na nusu, hadi dirishani.
Nikachora mfereji ukishuka kutoka Old Moshi,
bwawa juu, shamba la migomba chini,
katikati jiwe.
Bwawa ni betri, nikasema. Jiwe ni ukinzani.
Mvua ikaanza; nikaandika badala ya kupayuka.
Tumeelewana?
Nikafumba mdomo.

Jamani, ukimya ule.
Nikahesabu misumari ya paa, nikafika ishirini na nane,
ulimi ukiniwasha kujijibu.

Ndipo Ndekirwa, wa dawati la nyuma,
ambaye tangu Januari sijamsikia ila kwenye "nipo",
akasema, "Hapana, mwalimu. Hapo kwenye jiwe.
Maji si yatapita pembeni?"

Darasa zima likageuka.
Sikujua kama karatasi tupu ilikuwa yake.
Sikuuliza.
Nikampa chaki,
nikaenda kukaa kwenye kiti chake.
Kumbe kutoka pale
nusu ya ubao haionekani.